Mzizi Mmoja Si Hatimiliki: Mayahudi, Ardhi, na Sisi wa Mlima Kenya

 

Ndugu zangu na dada zangu wa Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki, Murang'a, Embu na Meru, na nyinyi mnaosoma kwa simu mkiwa mbali. Haya ni maneno niliyozungumza na vijana baada ya swala, na wengi wakaomba yaandikwe. Nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema, kwa hivyo usishangae nikikuambia "wewe" kila saa.

Leo nazungumza juu ya Mayahudi. Najua, ukitaja jina hilo tu kwa group, moto unawaka. Huku mlimani tunaishi katikati ya watu wa kanisa. Jirani yako amebandika bendera ya Israel kwa kioo cha matatu, na anaamini kwa moyo wake wote kwamba kuunga mkono serikali ya Israel ni ibada. Wewe umeweka bendera ya Palestina kwa profile. Asubuhi mnasalimiana vizuri, mnapakia mboga pamoja sokoni Karatina. Jioni mnatukanana kwa simu. Na katika hayo matusi, kuna kijana wetu ataandika neno juu ya Mayahudi wote, wazee kwa watoto, neno ambalo hawezi kulisoma mbele ya mama yake.

Kwa hivyo tuulizane maswali mawili. Watu wakisema "sisi ni taifa", nani ana mamlaka ya kuwatambua? Na kama sisi sote ni watoto wa Ibrahim, huo mzizi mmoja unatupa nini na hautupi nini?

Tuanze hapa hapa nyumbani, kwa sababu hii hadithi ilipita kwetu kabla haijafika Gaza.

Mwaka wa 1902 wanajeshi wa Kiingereza walifanya msafara wa vita dhidi ya watu wa Tetu. Desemba mwaka huo wakajenga kituo chini ya kile kilima unachokiona ukiwa mjini, na kituo hicho ndicho kikawa mji wa Nyeri. Afisa aliyekuwa mbele katika kazi hiyo aliitwa Richard Meinertzhagen. Mwaka wa 1905, tarehe 19 Oktoba, huyo huyo ndiye aliyempiga risasi Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mkutano ulioitwa wa kutafuta amani. Sasa fuata njia yake. Mwaka wa 1919 utamkuta Palestina, akiwa Afisa Mkuu wa Siasa wa jeshi la Uingereza huko, na mtetezi mkubwa wa mpango wa Wazayuni. Shajara zake wanahistoria wanazitilia shaka sana, kwa hivyo hadithi zake za ushujaa ziache kando. Vyeo vyake vinatosha. Mkono ule ule uliopiga mhuri Nyeri ulienda kupiga mhuri Palestina.

Na si yeye peke yake. Aprili 1903, katika mji wa Kishinev uliokuwa chini ya Urusi, Mayahudi 49 waliuawa na majirani zao kwa siku chache, nyumba na maduka yao yakavunjwa. Nataka uelewe jambo hili vizuri: hofu ya Mayahudi wa Ulaya haikuwa ya kubuni. Walikuwa wakichinjwa. Baadaye, chini ya Hitler, waliuawa milioni 6. Mtu akikuambia hayo hayakutokea, amekudanganya, na ukiyasambaza maneno yake wewe pia utakuwa umedanganya.

Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Kizayuni, alikuwa akizunguka kwa wakubwa wa dunia akiomba watu wake watambuliwe kama taifa na wapewe mahali. Waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alikuwa ametoka kupanda reli yetu mwisho wa 1902, akaangalia nje dirishani, akaona ardhi nzuri. Agosti 1903 serikali ya Uingereza ikaandika barua: iko tayari kuwapa Mayahudi eneo katika Afrika Mashariki. Watu wanauita "mpango wa Uganda", lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, upande wa Eldoret ya leo. Ukubwa wake ulikuwa kama maili 5,000 za mraba.

Herzl akaipeleka barua kwenye mkutano wao Basel, Uswisi, mwezi huo huo. Ukumbi ulilia. Waliokubali kutuma watu wakaikague ardhi walikuwa 295, waliokataa 178. Wakaguzi watatu walifika mwanzo wa 1905. Mwaka huo huo mkutano uliofuata ukasema hapana, tunataka Palestina. Herzl alikuwa ameshafariki, Julai 1904.

Sasa hesabu ni nani waliulizwa. Wajumbe wa Basel waliulizwa. Walowezi wazungu wa hapa, Lord Delamere akiwa mbele, hawakungoja kuulizwa. Walipinga kwa kelele kwa sababu waliitaka ardhi wenyewe. Je, Mnandi aliyekuwa akilisha ng'ombe pale? Mmaasai aliyekuwa pale kabla yake? Hakuna aliyewauliza. Mpango ukafa, lakini ardhi haikurudi kwao. Mwaka wa 1908 Makaburu walifika na magari yao ya ng'ombe, wakapewa wao.

Wewe mtoto wa Nyeri, hii si unaijua? Sheria ya ardhi ya 1902 na ile ya 1915 zilifanya ardhi ya babu zako kuwa mali ya mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga Othaya. Babu yako akawa mpangaji alikozaliwa.

Na angalia jina la Waziri Mkuu wa Uingereza wakati ile barua ya Uasin Gishu inaandikwa. Ni Arthur Balfour. Ndiye yule yule ambaye tarehe 2 Novemba 1917, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliandika barua nyingine ya kuwaahidi Mayahudi makao ya kitaifa, safari hii Palestina. Wakati huo karibu watu 9 kwa kila 10 wa Palestina walikuwa Waarabu, Waislamu na Wakristo. Barua haikuwataja kwa jina. Iliwataja tu kama jamii ambazo si za Kiyahudi, basi. Na kabla ya hapo, mwaka wa 1905, serikali ya Balfour huyo huyo ilipitisha sheria ya kupunguza wageni kuingia Uingereza, na waliolengwa zaidi walikuwa Mayahudi masikini waliokimbia Urusi. Unaona mambo hayo? Hakuwataka Mayahudi mlangoni kwake, akawatambua kama taifa kwa shamba la mtu mwingine.

Hilo ndilo jambo la kwanza nataka ulibebe. Mkubwa akikutambua, usikimbilie kushukuru. Uliza kwanza amelipia na mali ya nani.

Historia ikazunguka tena. Mwaka wa 1947 Waingereza walileta Kenya mamia ya Mayahudi kutoka Palestina, watu wa makundi yaliyokuwa yakipigana nao kwa silaha, wakawafunga kambini Gilgil, upande ule mwingine wa Aberdare. Novemba 1947 Umoja wa Mataifa ulipiga kura ya kuigawa Palestina: 33 walikubali, 13 wakakataa, 10 hawakuegemea upande. Kutoka Afrika nzima walipiga kura Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya makaburu. Wengine wetu tulikuwa mali ya watu. Tarehe 14 Mei 1948 Israel ikatangazwa, wale wafungwa wakiwa bado Gilgil, walirudishwa Julai. Mwezi huo huo wa Julai familia za Kipalestina zilikuwa barabarani, zimebeba funguo za nyumba ambazo mpaka leo hazijafunguliwa. Na hapa Kenya, miaka minne baadaye, Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilitangazwa, na nyanya zako wakafungiwa kwenye vijiji vya waya hapa hapa Nyeri. Ni mkoloni yule yule. Alikuwa na kambi ya kila mtu.

Basi wewe ni mtu wa kuelewa pande hizo zote. Unajua kukosa pa kwenda kunafanana vipi, na unajua kunyang'anywa kunafanana vipi. Si watu wengi duniani wana elimu hiyo nyumbani kwao.

Sasa tuje kwa mzizi.

Jirani yako wa kanisa atakuambia: Mungu aliwapa watoto wa Ibrahim ile nchi, mambo yameisha. Wewe unaweza kumjibu kwamba Ismail pia ni mtoto wa Ibrahim, na mtabishana mpaka alfajiri. Mimi nakupa jibu lingine, kutoka kwa kitabu chake mwenyewe. Torati inasimulia kwamba Sara alipofariki, Ibrahim hakuchukua kaburi bure. Wenyeji walimwambia achague tu, yeye akakataa. Akapima fedha, shekeli 400, mbele ya mashahidi, akamlipa mwenye shamba. Fikiria. Mtu aliyeahidiwa nchi nzima na Mola wake, analipa kaburi la mke wake kwa bei kamili, na wenyeji wanaona. Hiyo ndiyo adabu ya baba yetu sote. Ahadi ya Mungu hakuifanya hatimiliki ya kumtoa jirani.

Kaburi hilo liko Hebron, mji ambao sisi tunauita al-Khalil kwa heshima ya Ibrahim. Sikiliza kilichotokea katika mji huo wa baba mmoja. Mwaka wa 1929 Mayahudi 67 waliuawa pale na umati wa Waarabu. Na siku hiyo hiyo wako Waarabu waliowaficha majirani zao Mayahudi ndani ya nyumba zao, wakasimama mlangoni. Kisha Februari 1994, Ramadhani, alfajiri, mlowezi wa Kiyahudi aliingia Msikiti wa Ibrahim, akawaua kwa bunduki Waislamu 29 wakiwa wanaswali. Wote hao wamekufa kwa mzee mmoja. Ukitaka kujua mzizi mmoja peke yake unaweza kuzuia nini, jibu liko pale: hauzuii kitu kama hakuna haki na hakuna mtu wa kusimama mlangoni.

Lakini usiniambie mzizi hauna maana. Una maana sana, na unatudai. Nabii Musa (AS) ametajwa katika Qur'an zaidi ya mara 130, kuliko nabii mwingine yeyote. Mtume (SAW) alipofika Madina aliandika mkataba uliowaweka Mayahudi wa mji ule ndani ya jamii moja ya ulinzi, kila watu na dini yao. Ndiyo, baadaye kulikuwa na ugomvi na vita na baadhi ya makabila yao, hatufichi. Lakini alianza na mkataba. Funga ya Ashura tunayofunga Muharram, Mtume aliwakuta Mayahudi wa Madina wakiifunga kwa sababu ya kuokoka kwa Musa. Na Bi Safiyya, mama yetu sisi Waumini, alikuwa binti wa kiongozi wa Kiyahudi. Ukiandika "Mayahudi wote ni kadha wa kadha", umeandika juu ya ukoo wa mama yako.

Kwa hivyo ukoo wa dini unakupa adabu. Unakupa wajibu. Haukupi shamba la mtu, na haumpi mtu shamba lako.

Wacha nikupe mfano mwingine wa karibu, wengi wenu hamuujui. Vuka Aberdare, karibu na Nyahururu kuna mahali panaitwa Gathundia. Kuna familia chache pale za Wakikuyu wanaofuata dini ya Kiyahudi. Wanaishika Sabato, wanasali kwa Kiebrania, halafu Jumatatu wanaenda shambani kwa viazi kama kila mtu. Ng'ambo ya mpaka, karibu na Mbale, Uganda, wako ndugu zao wakubwa, Abayudaya, kama watu 2,000. Walianza 1919, wakati Semei Kakungulu, jenerali aliyewatumikia Waingereza na kuchoshwa nao, alipotahiriwa na kushika dini hiyo. Idi Amin aliwapiga marufuku. Waliobaki walisali kwa siri.

Sasa, je, watu hawa ni Mayahudi? Inategemea unamuuliza nani. Wakala wa Kiyahudi wa kimataifa uliwatambua Abayudaya kama jamii ya Kiyahudi mwaka wa 2016. Mwaka wa 2018 Wizara ya Ndani ya Israel ikasema kwamba kwa sheria yake ya kurudi ya 1950, haiwatambui. Na Desemba 2017 kijana mmoja wa Gathundia, akiwa na viza, akienda kusoma dini yake Jerusalem, alizuiwa uwanja wa ndege wa Ben Gurion na kurudishwa. Kijana Mkikuyu, Myahudi, anaambiwa na dola ya Mayahudi: wewe si wetu.

Usifurahie hayo. Najua kuna mtu ameanza kutabasamu. Jiulize badala yake: hayo maneno "wewe si wetu" umeyasikia wapi?

Umeyasikia hapa Nyeri. Wewe ni Mkikuyu, unaitwa Wanjiru au Maina, na umevaa hijabu au kofia, na mtu anakuuliza, "Kwani uliolewa na nani?" au "Ulitoka Isiolo lini?" Umeyasikia ofisini ukienda kuchukua kitambulisho, mwenzako ameulizwa jina la chifu tu, wewe unaulizwa cheti cha babu. Ndugu zetu Wanubi wamekaa Kenya zaidi ya miaka 100, na mwaka wa 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto ilibidi iseme wazi kwamba watoto wao wanabaguliwa katika uraia. Mtu anayejua uchungu huo hawezi kuwa wa kwanza kumwambia mwingine "wewe si taifa", wala Myahudi wa Gathundia, wala Mpalestina wa al-Khalil.

Na hapa ndipo nasimama, nikuambie bila kuficha. Mayahudi ni watu, wana historia na dini, na wana haki ya kuishi bila hofu popote walipo. Wapalestina ni watu, wana ardhi na makaburi ya babu zao, na wana haki ya kuishi bila kukaliwa. Haki ya mmoja hailipwi kwa kumfuta mwingine. Mwaka wa 2018 bunge la Israel lilipitisha sheria, kura 62 kwa 55, kwamba haki ya kujiamulia kama taifa katika dola ile ni ya Mayahudi peke yao. Hapo ndipo pa kupinga: sheria, ukaaji, mabomu juu ya watoto. Pinga kwa sauti, andamana, andika. Huhitaji kumchukia mtu anayeswali Sabato ndipo upinge.

Kwa upande wa kutambuliwa, angalieni vile inavyoenda. Kenya ilivunja uhusiano na Israel 1973, ikaurudisha 1988. Mwaka wa 2012 nchi 138 ziliipa Palestina hadhi ya dola mtazamaji Umoja wa Mataifa. Uingereza iliyoandika barua ya Balfour ilikuja kuitambua Palestina Septemba 2025. Hesabu mwenyewe: miaka 108. Muhuri wa wakubwa unakuja na kuondoka na kuchelewa. Watu walikuwa watu kabla ya muhuri.

Na kumbuka chuki huishia wapi. Desemba 31, 1980, bomu lililipuka Norfolk Nairobi, hoteli ya familia ya Block. Mzee wao Abraham Block alikuja Kenya 1903 akifuata habari za ule mpango wa Uasin Gishu, na kampuni yao iliwahi kuendesha Outspan na Treetops zetu hapa Nyeri. Watu wapatao 20 walikufa. Novemba 2002, mwezi wa Ramadhani, hoteli ya Kikambala ikalipuliwa: walikufa Waisraeli 3 na Wakenya 10, wengine wao wakiwa wacheza ngoma waliokuja kukaribisha wageni. Nani aliulizwa kitambulisho baada ya hapo? Nani milango yake ilivunjwa usiku? Ni sisi. Palestina haikupata hata shubiri moja ya ardhi.

Basi kesho, fanya haya.

Kabla ya kuandika, badilisha neno. Ukitaka kuandika "Mayahudi", jiulize kama unamaanisha serikali, jeshi, walowezi, au watu wa dini fulani. Andika unachomaanisha.

Yule jirani wa bendera, usimkimbie. Mkaribishe chai. Muulize habari za kaburi la Sara na zile shekeli 400. Kisha mweleze habari za 1902 Tetu. Anaijua, babu yake alikuwa pale pia.

Na ukiulizwa ofisini, "wewe ni wa wapi haswa?", usitetemeke na usitukane. Andika tarehe, andika ulichoulizwa na karatasi ulizodaiwa, uje tufuatilie pamoja. Kazi yetu ni hiyo. Anayeweza kudai haki yake kwa utulivu mbele ya meza hapa Nyeri, ndiye mtu ambaye neno lake juu ya Palestina litasikilizwa.

Ibrahim alilipa. Sisi watoto wake, kutoka upande wowote, tusiwe watu wa kuchukua bure.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.